Sakafu Isiyobaki na Dimbwi

Dada alipiga simu saa nne asubuhi, siku ya Jumatano, na neno lake la kwanza lilikuwa la mzaha.

"Mdogo wangu, bahari imekuja kujiandikisha shule."

Sentimita alikuwa amepiga magoti kwenye ukingo wa bwawa, anakaza skrubu ya kipimo cha maji. Aliibana simu kwa bega. "Imekuja vipi?"

"Kwa miguu yake mwenyewe. Imepanda ngazi, imeingia darasa la wadogo, imelowesha jozi ishirini na tatu za viatu, imeondoka bila kuaga. Nimevianika ukutani, ungeviona ungecheka."

"Jana kulikuwa na upepo?"

"Upepo gani? Bendera imelala kutwa nzima kama mtu mwenye homa. Bahari yenyewe ilikuwa shwari. Maji yalijaa tu, yakapanda polepole, yakashuka. Kisha yakapanda tena. Sasa niambie wewe msomi wetu, hayo ni mambo gani?"

Msomi hakucheka. Bisibisi ilimtoka mkononi, ikatumbukia bwawani.

Miezi sita nyuma, barua ya kwanza aliyowahi kuiandika kazini ilihusu shule hiyo hiyo. Ilikuwa ya ukurasa mmoja, na jina lake lilikuwa chini kabisa. Ilisema, kwa kutegemea majaribio ya bwawani, kwamba kiwanja kilichoko kusini mwa ghuba ni mahali patulivu, na kwamba mawimbi hayatafika kwenye majengo hata maji yakijaa vipi. Mama yake aliomba nakala akaiweka ndani ya kioo cha kabati la vyombo, mbele ya birika ambalo halitumiki. Dada yake, aliyekuwa mwalimu wa miaka mingi katika shule ya katikati ya mji, aliisoma barua hiyo mara mbili, kisha akakubali kwenda kuwa mwalimu mkuu wa shule ya chekechea ya ufukweni. "Kama mdogo wangu kasema pako salama," aliwaambia watu, "nani tena nimuulize?"

Maabara aliyofanyia kazi Sentimita ilikuwa ukumbi mmoja mkubwa wenye paa la mabati, na karibu ukumbi wote ulikuwa bwawa. Sakafu ya bwawa hilo ilikuwa imefinyangwa kwa lipu ifanane na sakafu ya ghuba yao: vilima, miamba, mafungu ya mchanga, kila kitu mahali pake. Sentimita moja bwawani ilikuwa mita mbili baharini. Upande mmoja palikuwa na ubao mrefu uliosukumwa na mota, ndio uliotengeneza mawimbi. Upande wa pili palikuwa na mji: vibao vidogo vya mbao, kila jengo na kibao chake. Shule ilikuwa kibao cha buluu chenye ukubwa wa kipande cha sabuni.

Jina la Sentimita alilipata wiki yake ya kwanza. Mtu alimuuliza kantini iko mbali kiasi gani, naye, kwa hofu ya ugeni, akajibu, "Kama sentimita elfu nne hivi." Tangu hapo hata mlinzi wa getini alimsalimia kwa jina hilo.

Aliwasha mashine. Akatuma mawimbi mafupi, yale ya upepo. Yakaja yakirukaruka, yakachoka, yakafia kwenye mchanga. Akatuma mawimbi marefu, yale yanayozaliwa na dhoruba za mbali na kusafiri siku nyingi hadi yamfikie mtu asiyejua hata kama kulikuwa na dhoruba. Yalipita juu ya sakafu kama pumzi ya mtu aliyelala, yakasambaa sawasawa ufukwe mzima, yakarudi. Kibao cha buluu kilibaki kikavu.

"Bwawa linasema hapana," alimwambia Mjomba, aliyekuwa anachanganya lipu kwenye ndoo karibu yake. "Viatu vya watoto vinasema ndiyo."

"Viatu havina sababu ya kusema uongo," Mjomba alisema bila kuinua kichwa.

Mjomba alikuwa kaka wa mama yake, na wote pale walimwita Fundi Lipu. Kabla ya maabara alijenga sakafu za nyumba za watu, na mpaka leo alikuwa akiingia nyumba ya mtu, jambo la kwanza analoangalia ni chini. Baba yake Sentimita alipofariki, Mjomba ndiye aliyeshika nafasi. Miaka ya sekondari msichana huyo alifanyia hesabu zake kwenye ukingo wa bwawa hilo hilo, miguu ikining'inia, akisubiri Mjomba amalize kazi. Kama si bwawa hilo asingekwenda kusomea bahari. Na mwisho wa mwezi huu Mjomba alikuwa anastaafu.

"Naomba tutoe maji," Sentimita alisema.

"Leo si Jumatatu."

"Najua, Mjomba."

Alimtazama, akaweka mwiko chini, akaenda kufungua koki.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya sakafu. Maji yalitolewa, Mjomba akavua viatu, akakunja suruali, akatembea bwawa zima. Popote alipokuta maji yamebaki alichora duara kwa chaki, akapakausha, akapaziba. Utaratibu huo aliutoa kwenye nyumba za watu, nao ulikuwa na msemo wake, ambao kila aliyepita maabara alilazimika kuusikia: sakafu nzuri haibaki na dimbwi. Wageni walipokuja kutazama, Mkuu wa maabara aliwaonyesha sakafu hiyo kabla ya kuwaonyesha mashine.

Maji yalichukua saa mbili kuisha. Sentimita alishuka na uzi, rula ndefu, na ramani ya vina, ile iliyochorwa na chombo cha upimaji kabla bwawa halijajengwa. Alivuta uzi kutoka ukuta hadi ukuta, akapima, akaandika, akasogea hatua moja, akapima tena. Mstari wa kwanza ulikubaliana na ramani. Wa pili pia. Wa kumi na moja ulikuwa tofauti kwa sentimita tatu.

Alidhani uzi umelegea. Aliukaza, akapima upya. Sentimita tatu. Akaenda mstari wa kumi na mbili. Sentimita tatu. Wa kumi na tatu, hivyo hivyo. Sentimita tatu ni kitu kidogo, unaweza kuzificha chini ya kidole. Baharini ni mita sita.

"Mjomba, hapa pamefanywa nini?"

Mjomba alikuja na tabasamu la fundi aliyeulizwa juu ya kazi yake nzuri. "Aa, hapo. Hapo palinitesa. Palikuwa pamedidimia, upana wa dhiraa moja, kuanzia kule kwenye ubao mpaka karibu na ufukwe, pamejipinda kama nyoka. Kila Jumatatu maji yanalala humo. Nikasema hapana. Nilipasawazisha kwa siku mbili, na sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Tafuta mshono, hutauona."

"Lini?"

"Mwaka alioingia Mkuu huyu. Wewe ulikuwa ungali chuoni."

Sentimita alimpa ramani.

Mjomba alivaa miwani yake iliyofungwa kwa kamba, akaanza kuifuata mistari kwa kidole. Kidole kilitoka bahari kuu, kikaingia ghubani, kikakuta mstari mweusi mnene uliojipinda, kikaufuata. Kilikwenda nao mpaka karibu na ufukwe. Kikasimama. Kikarudi mwanzo, kikaufuata tena, polepole zaidi.

"Hiki ni nini?"

"Ni bonde, Mjomba. Zamani sana bahari ilikuwa chini, na mto ulipita hapo. Bahari ikapanda ikaufunika. Bonde bado lipo."

Mjomba aliketi palepale sakafuni, kwenye unyevu, na suruali yake safi. Aliweka kiganja juu ya lipu, akaipapasa kama mtu anayempapasa mtoto paji la uso kuona kama ana joto.

"Nimeziba mto," alisema mwishowe.

Sentimita alijiwa na wazo ambalo baadaye alilionea aibu. "Tunaweza kuandika kwamba sakafu ilikuwa na hitilafu," alisema. "Hitilafu tu. Umebakiza wiki tatu. Hakuna ulazima wa kusema ni nani."

Mjomba aliinuka kwa kushikilia ukuta, akaenda stoo, akarudi na nyundo na tindo mbili. Moja akampa yeye.

Walivunja mchana kutwa. Lipu ya Mjomba ilikuwa ngumu kama ahadi ya mama mkwe, alisema yeye mwenyewe, na huo ndio mzaha pekee alioutoa siku ile. Chini ya lipu bonde lilikuwepo, laini, zima, na alama za mwiko wa yule mjenzi wa kwanza aliyelifinyanga kwa kufuata ramani. Mjomba alizitazama alama zile akatikisa kichwa. Mtu alikuwa amehangaika kuchonga shimo lile kwa usahihi, naye akaja kulifanyia msaada.

Saa mbili usiku bwawa lilijaa tena. Sentimita aliwasha mashine, akatuma wimbi refu, lile lile la asubuhi.

Wimbi refu si kama wimbi fupi. Fupi hucheza juu juu na halina habari na kilicho chini mpaka lifike ufukweni. Refu hugusa sakafu tangu mbali, na sakafu ndiyo inayoliamuru. Penye kina hukimbia, penye kina kifupi hujikokota. Ni kama mstari wa watoto walioshikana mikono: wa upande mmoja wakikimbia na wa upande wa pili wakitembea, mstari wote lazima ugeuke, na hugeukia kwa wale wanaochelewa.

Sentimita aliyajua hayo. Alikuwa ameyajibu kwenye mitihani. Lakini kuyajua ni kitu kimoja, na kuyaona yakitokea mbele ya miguu yake ni kingine.

Wimbi lilikuja limenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Lilipofika kwenye bonde, sehemu iliyokuwa juu ya kina ilichomoka mbele. Iliyobaki nyuma, upande wa kusini, ikapinda. Halikuvuka bonde. Liligeuzwa ubavuni mwake, likaelekea kwenye maji ya kina kifupi, na kila lilipozidi kupunguziwa kina lilizidi kupunguza mwendo na kuinuka, na la nyuma likaja kulipanda mgongoni. Ufukwe ulioelekeana na bonde, ambao mtu yeyote angedhani ndio wenye hatari, ulibaki umetulia kabisa. Maji yote yalikwenda kusini. Yalipanda bila kishindo, yakazunguka kibao cha buluu, yakakinyanyua.

Kibao kilielea. Kiligonga kibao cha jirani, kikageuka, kikatoka na maji kuelekea bahari kuu.

Sentimita hakuweza kuondoa mkono kwenye swichi. Mashine iliendelea kusukuma, wimbi la pili, la tatu. Mjomba ndiye aliyekuja kuizima. Kisha aliingia majini na viatu vyake, akakifuata kibao, akakiokota, akakifuta kwa shati.

"Mwalimu mkuu wa hapa ni dada yako," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu wa makini asiyependa kuharakishwa. Asubuhi ya Alhamisi alisimama ukingoni akatazama jaribio likirudiwa mara tatu, na mara zote tatu kibao kiliondoka. Mkononi alikuwa na karatasi iliyoletwa na ofisi ya bandari asubuhi ile: dhoruba kubwa mbali sana baharini, hakuna upepo utakaofika huku, lakini mawimbi yake marefu yangeingia ghubani Ijumaa saa tano. Ijumaa ilikuwa bamvua, na saa tano maji yangekuwa yamejaa kuliko siku zote za mwezi.

"Yaliyofika Jumanne yalikuwa ya kwanza tu," Mkuu alisema taratibu. "Salamu." Alikunja karatasi. "Nani alilisawazisha bonde?"

Sentimita alifungua mdomo. Neno hitilafu lilikuwa tayari kwenye ulimi.

"Mimi," Mjomba alisema. "Kwa mkono wangu. Nilidhani sakafu imebonyea."

Mkuu alikwenda kabatini, akatoa daftari la Jumatatu, lenye kumbukumbu za kila dimbwi lililozibwa, akafungua kurasa za nyuma kabisa, akapekua. Akasimama kwenye ukurasa mmoja. Aliutazama muda, halafu akaugeuza ili wausome. Kwa mwandiko wa Mjomba iliandikwa: *Dimbwi refu, upande wa kusini. Limesawazishwa. Sakafu sasa haibaki na dimbwi.* Chini yake, kwa wino wa kijani, palikuwa na saini ya Mkuu, na neno moja: *Hongera.*

"Nilikuwa na wiki mbili kazini," Mkuu alisema. "Sikuangalia ramani. Niliangalia sakafu, nikaona inang'aa."

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Pengine wangelaumiana siku nyingine yenye nafasi. Mkuu aliketi kuandika barua ya kufuta ile ya kwanza, na Sentimita akatoka nje, akasimama kwenye jua, akapiga simu.

"Dada, kesho msiwe na watoto shuleni."

"Kesho wana mashairi. Wazazi wanakuja."

"Bahari itaingia. Si viatu tu, Dada. Itaingia yote."

Alisikia kelele za watoto upande wa pili, mtu akilia kwamba amenyang'anywa penseli, dada yake akisema, "Mrudishie." Kisha sauti ikarudi karibu.

"Lakini barua ilisema."

"Barua ilikosea."

"Barua si uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

Sentimita alitamani atukanwe, angalau ajue mahali pa kushika. Tangu utotoni dada yake alikuwa mwepesi wa maneno, na sasa maneno yalikuwa yamemwishia.

"Saa ngapi?" dada aliuliza.

"Saa tano."

"Basi saa tatu tutakuwa barabarani." Akakata.

Ijumaa kulikucha kweupe, anga safi, bendera imelala. Ingekuwa rahisi kuona aibu. Wazazi kadhaa walikuja na nguo zao nzuri za kusikiliza mashairi, wakakuta shule imefungwa na mwalimu mkuu amepanga watoto mstari, wameshikana mikono, wanapanda kuelekea barabara ya juu. "Mwalimu, na bahari ilivyotulia hivi?" mama mmoja aliuliza. Dada alimjibu, "Mtulivu ndiye wa kuogopwa, mama. Twende."

Watoto wadogo walikuwa upande wa ndani wa barabara, wakubwa upande wa nje, na penye kona mstari ulipinda, wadogo wakijikokota, wakubwa wakikimbia kuwafikia. Sentimita, aliyekuja na Mjomba kuwasindikiza, aliuona ukipinda, akageuza uso.

Walisimama barabarani, juu ya ukuta wa mawe. Dada aliwahesabu watoto. Hamsini na mmoja. Hakumtazama mdogo wake. Mjomba alisimama pembeni, ana saa mkononi, na mfukoni mwa shati lake kilichungulia kibao cha buluu.

Saa tano na dakika kumi, maji yaliondoka ufukweni. Yalirudi nyuma kimya kimya, yakaacha mchanga unang'aa. Kisha yakaja. Hapakuwa na povu wala kishindo. Lilikuwa bega refu la maji lililotoka upande wa kaskazini likiwa limekwishapinda, kama mtu aliyeelekezwa njia, na mbele yake, palipokuwa na bonde, bahari ilikuwa shwari kama bakuli. Lilipanda mchanga, likapanda ngazi. Mlango wa darasa la wadogo ulifunguka kama uliofunguliwa na mwenye nyumba.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. La tatu liliingia kwa madirisha.

Yule mama aliyeuliza aliketi chini katikati ya barabara, na nguo zake nzuri. Viti vidogo vilianza kutoka mlangoni kimoja baada ya kingine, vyekundu, vya manjano, vya kijani, vikielea kwa utaratibu, kama watoto wanaotoka kwenda mapumziko. Dada alianza kuhesabu tena, kwa kidole, akigusa kila kichwa. Hamsini na mmoja. Akaanza upya. Alipofika thelathini sauti ilimkatika, na Sentimita akasogea akaendelea naye: thelathini na moja, thelathini na mbili. Bega la dada yake halikusogea mbali.

Kitoto kimoja cha kike, cha mwisho mstarini, kilikuwa kimeshika kidole cha Mjomba kwa sababu mstari uliishia hapo na mkono wake mmoja haukuwa na wa kuushika. Kilitazama darasa lao, kikatazama viti, kikamtazama yeye.

"Babu, nani kamwaga maji?"

Mjomba alishusha saa. Angeweza kusema bahari. Watu wote waliokuwa pale wangesema bahari.

"Mimi," alisema. "Nilikosea."

Kitoto kilifikiri. Shuleni kwao kulikuwa na sheria juu ya jambo hilo.

"Basi deki utapiga wewe."

"Nitapiga," Mjomba alisema, na akabaki hapo, akisubiri maji yashuke.